Saksheni yenye taa: kuiandaa, kuitumia na kuiosha

Wenzangu wa thieta (chumba cha upasuaji), maswali kuhusu saksheni yenye taa yamekuwa mengi, hasa kutoka kwa walioletewa kwa mara ya kwanza. Somo hili ni la wauguzi wa skrabu, wanaompa mpasuaji vifaa mezani, na wanaozunguka, wanaohudumia nje ya meza. Mafundi wa vifaa tiba nanyi karibuni, yapo yanayowahusu.

Tunazungumzia kifaa cha kufyonzea damu kinachoshikwa kwa mkono mmoja, chenye taa karibu na ncha. Vingine vina umbo la Yankauer, ile saksheni nene tunayoijua sote, iliyobuniwa na daktari wa koo wa New York mwanzoni mwa karne ya 20. Vingine ni vyembamba kama saksheni ya Frazier, vyenye kitundu cha kuziba kwa kidole gumba. Zipo pia ritrakta (vifaa vya kutanulia jeraha) zenye taa na njia ya kufyonza, zinazotumika kwenye upasuaji wa titi kwa chale ndogo. Mwanga hutoka kwenye LED (taa ndogo ya elektroniki) yenye betri yake, au huletwa na kebo ya nyuzi za kioo kutoka kwenye mashine ya taa.

Kwa nini saksheni na taa viunganishwe? Taa ya darini inaweza kufika laksi (kipimo cha mwanga) 160,000, lakini vichwa vya mpasuaji na msaidizi wake vinaiziba. Ukiwa ndani kabisa ya nyonga, au kooni pale tonsili ilipotolewa, mwanga haufiki chini. Tena damu yenyewe humeza mwanga: likibaki dimbwi dogo, hata uongeze taa nyingine utaona weusi tu. Ndiyo maana mimi nasema kifaa hiki ni saksheni kwanza, taa baadaye. Watu wanakiwasha, wanashangilia mwanga, kumbe hakivuti.

Hatua ya 1: Soma pakiti. Tafuta alama ya namba 2 iliyokatwa kwa mstari ndani ya duara. Ukiiona, kifaa ni cha kutumika mara moja tu, kwa mgonjwa mmoja. Angalia tarehe ya mwisho na kama pakiti haijachanika au kulowa.

Hatua ya 2: Pima mvuto kabla mgonjwa hajalazwa mezani. Hapa msiharakishe. Unganisha mpira kwenye chupa ya kukusanyia damu, washa mashine, kisha kunja mpira uzibe kabisa. Mshale wa geji lazima upande. Usipopanda, hewa inavuja: mara nyingi ni kifuniko cha chupa hakijakaa, au mpira una ufa. Mshale ukiwa juu muda wote ilhali ncha haivuti, kuna kilichoziba kati ya geji na ncha. Na kama chupa imejaa, boya la ndani hufunga njia na mvuto hukatika ghafla. Kwa hiyo muuguzi anayezunguka aangalie chupa mapema, asingoje kuitwa.

Hatua ya 3: Kagua taa. Ya betri, iwashe na uiache kidogo uone kama haififii. Ya kebo, kabla haijaunganishwa elekeza ncha moja kwenye taa ya darini na utazame ncha ya pili: kila nukta nyeusi ni uzi uliokatika. Nukta zikifika karibu robo, mpelekee fundi. Usiikunje kebo kama kamba ya kuanikia nguo. Izungushe kwa duara pana.

Hatua ya 4: Mezani. Kebo ibanwe kwenye shuka kwa klipu isiyoiminya, ikiwa na nafasi ya kutosha mkono kusogea. Mashine ya taa ibaki kwenye hali ya kusubiri mpaka kifaa kimeunganishwa. Ncha ya kebo inayowaka ikilazwa juu ya shuka inaweza kuiunguza, na chini ya shuka kuna ngozi ya mgonjwa. Spiriti ya kusafishia ngozi iwe imekauka kabisa. Msidanganyike kwamba LED haina joto; ni dogo, lakini lipo.

Hatua ya 5: Wakati wa kazi. Ncha isigandamizwe kwenye nyama, inyonye juu ya dimbwi. Karibu na neva au mshipa mwembamba, daktari aachie kitundu cha kidole gumba au aombe mvuto ushushwe. Bonge la damu litolewe kwa gozi (kitambaa cha jeraha) au forsepu (koleo la upasuaji), lisilazimishwe kupita kwenye tundu. Kati ya hatua na hatua, skrabu avute maji safi ya steraili (yasiyo na vijidudu) kutoka kwenye bakuli ili njia isigande. Lensi ya taa ikichafuka, ifute kwa gozi yenye maji.

Hatua ya 6: Baada ya kazi, kwa vile vya kutumika tena. Vuta maji mengi papo hapo. Nomo salaini (maji ya chumvi ya hospitali) haifai hapa, chumvi hula chuma. Toa betri. Brashi iwe ya upana wa tundu na ndefu kuzidi mrija, na usugue ndani ya maji ili matone yasikurukie usoni. Rudia mpaka brashi itoke safi, suuza, kausha kwa hewa. Waya wa kuzibulia usiachwe ndani ya mrija unapoingia kwenye autoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke), kwani mvuke hautapita.

MASWALI

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu: Shikamoo sista. Sisi huloweka kila kitu kwenye klorini 0.5% kwanza. Na hiki pia?

Marahaba mwanangu. Usikiloweke. Klorini hula chuma na huharibu viungio, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 hauungi mkono kuloweka vifaa kwenye dawa kabla ya kuviosha. Kinachosafisha ni maji, sabuni ya vifaa na brashi.

Muuguzi, hospitali ya wilaya: Vya mgonjwa mmoja ni ghali. Tukiviweka autoklevu nyuzi 134?

Plastiki itapinda, betri ya lithiamu inaweza kupasuka, na ndani ya mrija huwezi kuona kilichobaki. Bora muombe vya chuma vyenye kebo; bei yake kubwa ni ya mara moja.

Kaka wa thieta: Tulifunga tochi ndogo kwenye Yankauer kwa plasta. Ilisaidia umeme ulipokatika.

Kaka, hapana. Plasta haisterilaiziki, na tochi ikidondoka tumboni mtaitafuta gizani. Mnunulieni daktari taa ya kichwani ya kuchaji, aivae kabla ya kunawa. Na muwe na saksheni ya kukanyaga kwa mguu, kwani umeme ukikatika mashine yenu nayo huzimika.

Mtaalamu wa usingizi: Ongeza la oksijeni, sista.

Asante dakta. Kwenye tonsili, oksijeni inaweza kuvuja kando ya mpira wa kupumulia mpaka mdomoni, na diathemi (kifaa cha umeme cha kukatia na kuzuia damu) ipo hapo hapo: moto unaweza kuwaka. Ikiwa hali ya mgonjwa inaruhusu, oksijeni iwe chini ya 30%, na diathemi isiwashwe kabla mpasuaji na wa usingizi hawajaambiana.

Muuguzi wa wodi ya wazazi: Damu ya kwenye chupa tunaiandika yote?

Ondoa kwanza maji mliyooshea na, kwa upasuaji wa uzazi, maji ya chupa ya uzazi. Andikeni kipimo kabla ya kuanza kuosha tumbo. Halafu pimeni na mopu (vitambaa vya kunyonyea damu) kwa mizani, zilizolowa mkitoa uzito wa kavu: gramu 1 mhesabu mililita 1.