Somo: Weikibodi kwa mtoto mdogo, kuanzia jaketi hadi mvuto wa kwanza

Assalamu alaikum wenzangu, na habari za jioni kwa wote. Tangu niweke ile picha ya binti yangu mdogo akiwa amesimama juu ya ubao kule Tudor, hapa Mombasa, swali ninaloulizwa ni moja: ubao ule ni pesa ngapi? Nimeona niandike somo zima, maana ubao ndio kitu cha mwisho kununua, na wazazi wengi ndio wanaoanza nao.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: weikibodi ni ubao mmoja mpana, miguu yote miwili imefungwa juu yake, nawe unasimama ubavu huku boti inakuvuta kwa kamba. Si kama ski za majini, ambapo unaelekea mbele na kila mguu una ubao wake.

Hatua ya 1: Jaketi la kuokoa maisha

Hapa nitakaa sana, nivumilieni.

Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka mitano na kilo 17. Nilikwenda duka moja mjini nikachukua jaketi la mtoto wa kilo 30, nikijiambia atakua nalo, kama tunavyonunua sare za shule. Muuzaji hakunipinga. Tukaenda Nyali, maji yananifika kiunoni, nimemshika mkono. Akanyanyua miguu ili aelee. Jaketi likapanda juu, yeye akashuka chini. Nikamwona macho yananitazama kupitia tundu la shingo, kidevu kimeshazama, masikio yamefunikwa na mabega ya jaketi. Nilimnyanyua papo hapo, akawa amemeza funda moja tu la maji ya chumvi. Lakini miezi miwili hakutaka hata kulisogelea jaketi lile, na kosa lilikuwa langu.

Kwa hiyo fanyeni hivi mkiwa bado dukani. Mvisheni mtoto, fungeni vifungo vyote, kisha mnyanyueni kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda likagusa kidevu au masikio, ni kubwa. Rudisheni. Kwa mtoto mdogo lazima kuwe na mkanda unaopita katikati ya miguu, ndio unaozuia jaketi lisipande. Ukosi mkubwa nyuma ya kichwa nao ni muhimu, unamsaidia kuweka uso juu.

Halafu someni kibandiko cha ndani. Kina uzito wa mvaaji na nguvu ya kuelea kwa nyutoni. Jaketi la nyutoni 50 ni la mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. La 100 kwenda juu ndilo la mtoto ambaye bado anajifunza. Kuna pia vesti nyembamba za kupendeza ambazo kazi yake ni kupunguza maumivu ya kuanguka, hazikusudiwi kumwelesha mtu. Wakubwa wanaofanya michezo ya kuruka huzivaa. Mtoto hapana.

Hatua ya 2: Helmeti na kamba

Helmeti iwe ya majini, si ya baiskeli. Ya majini haivimbi wala haishiki maji, nayo imbane kiasi kwamba akitikisa kichwa isiyumbe. Epukeni zenye ukingo mpana mbele, kwani mtoto akianguka ukingo huo huchota maji na kuivuta shingo.

Kamba ndiyo watu wanaifanyia mzaha. Msitumie kamba ya nanga. Kamba ya nailoni inavutika kama mpira, na mtoto akiachia inaweza kurudi kwa nguvu hadi ndani ya boti. Kamba ya weikibodi haivutiki, na kishikio chake kimevikwa mpira laini. Mkubwa huvutwa kwa kamba ya mita 18 hivi au zaidi, lakini kwa mtoto ifupisheni hadi mita 10 au 12. Hapo anakuona usoni na anasikia sauti yako, na boti haihitaji kasi kubwa ili anyanyuke.

Hatua ya 3: Ubao wenyewe

Ubao huchaguliwa kwa uzito wa mtoto. Umri hausemi kitu. Mbao za watoto ni za sentimita 110 hadi 125 hivi, na kila mtengenezaji ana jedwali lake la kilo, lifuateni. Hapa ninakubali ubao uzidi kidogo, kwa sababu ubao mkubwa kidogo huelea vizuri na humnyanyua mtoto kwa kasi ndogo. Lakini ule wa baba wa sentimita 140 hatauweza, ataukalia kama ngalawa.

Utazameni kwa ubavu muuone mpindo wake. Wenye mpindo mmoja mwororo kutoka ncha hadi ncha huteleza kwa upole. Wenye mpindo uliovunjika katikati ni wa warukaji. Chini uwe na mapezi, maana ndiyo yanayouweka kwenye mstari.

Viatu vya ubao viwe vya vidole wazi na vya kukaza kwa mikanda. Kwanza vinafuata mguu unaokua, kwa hiyo tamaa yenu ya "atakua nacho" ina nafasi hapa. Pili, akianguka vibaya mguu uweze kuchomoka. Upana kati ya viatu uwe sawa na mabega yake.

Mguu gani mbele? Mvisheni soksi, akimbie sebuleni na kuteleza sakafuni. Mguu anaoutanguliza bila kuambiwa ndio wa mbele. Msimsahihishe.

Hatua ya 4: Barazani, kisha ufukweni

Wekeni ubao juu ya mkeka, bila mapezi kama yanatoka. Mtoto akae nyuma yake, miguu ndani ya viatu, magoti yamekikaribia kifua, mikono imenyooka, kishikio mkononi. Nawe vuta pole pole. Kosa la watoto wote ni kuvuta kishikio kuelekea kifuani na kutaka kusimama mapema. Mwambie akae kama amekaa kwenye kibao cha mbuzi, kamba ndiyo itakayomwinua. Wangu walielewa kwa neno hilo moja.

Kisha mfundisheni "achia!" Mara kumi, mara ishirini, kama mchezo. Ukisema achia, mikono ifunguke. Mtoto aliyeanguka na bado ameng'ang'ania kishikio ndiye anayemeza maji.

Akiweza hapo, nendeni ufukweni siku isiyo ya watu wengi. Ufuo wa Pirates asubuhi ya katikati ya wiki unafaa sana, siyo Jumapili. Maji yamfike mtoto kiunoni, chini pawe mchanga mtupu. Kamba ya mita tano, mtu mzima mmoja anakimbia nayo, mwingine yuko kando ya mtoto. Mita kumi za kuteleza zinatosha kumfanya asilale usiku kwa furaha. Tulikaa hatua hii wiki sita na sijutii hata siku moja.

Hatua ya 5: Kuchagua siku na maji

Upepo wa kusi ukipamba moto, pwani ya wazi si mahali pa mtoto. Nyakati za tanga mbili, kabla kaskazi au kusi haijashika, ndizo bora, na asubuhi mapema kabla upepo wa bahari haujaamka. Sisi hutumia hori la Tudor, ndani, mbali na daraja la Nyali. Chagueni siku za maji mafu, si bamvua. Siku za bamvua maji hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na mkondo wa horini unakuwa mkali. Ingieni maji yakikaribia kujaa, ili miamba na mizizi ya mikoko iwe mbali chini, maana chaza walioshika pale wanakata kama wembe. Baada ya mvua kubwa za masika, subirini siku kadhaa, taka zote za mji huteremka mle.

Mkondo wa Kilindini na njia ya feri ya Likoni ni za meli. Msivute mtu huko kabisa. Na ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyowekwa tangu 1986, boti ya kasi haina pahala miongoni mwa waogeleaji na matumbawe.

Hatua ya 6: Mvuto wa kwanza

Boti iwe na leseni ya KMA, mamlaka ya usafiri wa majini ya Kenya, na ndani wawe watu wazima wawili: nahodha anayetazama mbele na mwangalizi asiyeondoa macho kwa mtoto. Simu ikae mfukoni. Kubalianeni ishara: kidole gumba juu ni ongeza kasi, chini ni punguza, mkono kupita shingoni ni simamisha. Akianguka salama anyanyue mkono, mjue yuko sawa.

Mimi huingia majini pamoja na mtoto, nimeshika ubao kwa nyuma hadi kamba ikaze. Ndugu yangu, mjomba wao, ndiye nahodha, naye huanza taratibu mno. Kilomita 15 kwa saa zinamtosha mtoto wa kilo 20. Mkubwa anahitaji karibu mara mbili yake. Akiinuka, boti ibaki kwenye mstari mnyoofu.

Mkirudi kumchukua, mwekeni upande anaokaa nahodha ili amwone. Zimeni mashine kabisa kabla mtoto hajagusa boti. Kuiacha inanguruma bila gia hakutoshi, rafadha haina huruma. Wala mtoto asikae tezini mashine ikiwaka, kwa sababu moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu.

Majaribio manne au matano, basi. Midomo ikitetemeka mrudisheni hata kama anang'ang'ania, hata maji yetu haya ya vuguvugu humpoza mtoto. Sisi tuna chupa ya chai na mahamri yanayomsubiri ufukweni, na nadhani nusu ya mapenzi ya mchezo huu kwao ni mahamri yale.

Maswali ya wanachama

*Mama Zuwena, Kisauni: Dada, umri wa kuanza hasa ni upi? Wangu ana minne.*

Mama Zuwena, mimi siangalii umri. Je, anaweza kulala chali akaelea? Anazamisha uso bila kulia? Akiambiwa "achia" anaachia? Wa miaka minne anaweza kuanza hatua ya barazani leo na ya ufukweni mwezi ujao. Boti mwaka mwingine, inshallah, na yeye mwenyewe awe ndiye anayeiomba.

*Baba Fahim, Bamburi: Nimeona ubao wa mtumba, bei nzuri. Nichukue?*

Ubao, ndiyo, ukikagua. Bonyeza kwa kidole gumba kote, hasa penye skrubu za viatu. Pakibonyea, maji yameingia ndani. Funga na fungua kila skrubu, kwani kutu ya chumvi hula nyuzi zake. Vuta mpira wa viatu uone kama gundi imekauka. Jaketi la mtumba silipendi kabisa. Hujui limekaa juani miaka mingapi, na sponji iliyosinyaa haielei.

*Ummu Nasra, Majengo: Binti yangu ana miaka tisa na anajistiri. Atavaaje?*

Dada, binti yangu mkubwa ni hivyo hivyo na hakuna kinachomzuia. Vazi la kuogelea la kumfunika mwili mzima, lenye kubana kiasi, na kilemba cha kuogelea cha kuvuta kichwani, bila pini, chini ya helmeti. Mpimie helmeti akiwa amekivaa. Dera na mtandio viache nyumbani, vikilowa vinakuwa mzigo na vinaweza kunasa kwenye kamba. Jaketi huvaliwa juu ya yote.

*Abu Swaleh, Mtwapa: Naweza kumvuta kwa jetski ya kukodi ufukweni?*

Iwe ya watu watatu: wewe, mwangalizi anayetazama nyuma, na nafasi ya mtoto akichoka. Ya watu wawili haifai, kwa sababu nahodha hawezi kutazama mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Na kijana wa jetski ambaye hamjazungumza ishara, mwambie ahsante, siku nyingine.

*Mama Zuwena tena: Na baada ya kutumia, naviosha na nini?*

Maji baridi ya mfereji tu, kila kitu, pamoja na kamba. Kausheni kivulini, jua la saa saba linaua mpira wa viatu. Mguu ukikataa kuingia kiatuni mara nyingine, pakeni maji na sabuni kidogo, msitumie mafuta ya kujipaka.