Namna ya Kuhakiki Habari za Ziwani Kabla ya Kuzisambaza

Katika makundi ya WhatsApp ya wafanyabiashara wa dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba, ya wasafiri wa Ukerewe na ya familia zilizotawanyika kati ya Mwanza na visiwani, habari ya Ziwa Victoria kuchafuka au boti kuzama huenea kwa dakika chache. Kasi hiyo huokoa maisha, kwa kuwa mvuvi aliyeonywa mapema hubaki nchi kavu. Lakini kasi hiyohiyo humfikishia mama aliyeko Nyamagana taarifa ya uongo kwamba chombo alichopanda mwanawe kimezama. Kwa hiyo, ujumbe wa namna hiyo ukikufikia, uhakiki kwanza.

Anza kwa kutazama alama iliyo juu ya ujumbe. Mshale mmoja unaonyesha kwamba umesambazwa, na mishale miwili kwamba umeshasambazwa mara tano au zaidi tangu ulipoandikwa. Tangu Aprili 2020, ujumbe wa mishale miwili hutumwa kwa mtu mmoja au kundi moja tu kila mara. Alama hiyo haithibitishi uongo. Inakujulisha tu kwamba huenda aliyekutumia hakuliona tukio, hata kama ni mtu mkweli. Muulize kwa heshima: «Kaka, hii umeipata kwa nani, na yeye alikuwepo?»

Kisha tafuta tarehe, na hapa usiwe na haraka. Ujumbe usemao «Leo ziwa si salama, msivuke» huendelea kusema «leo» hata ukisomwa wiki ijayo. Anayeuamini hupoteza siku nzima ya kazi, na hasara iliyo mbaya zaidi huja baadaye, kwa sababu mtu aliyeonywa bure mara kadhaa hazingatii tena onyo la kweli. Linganisha ujumbe huo na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo hutoa taarifa za Ziwa Victoria. Unapoandika onyo wewe mwenyewe, taja tarehe, saa, mahali na namna ulivyojua, kwa mfano: «Jumanne tarehe 4, saa 12 asubuhi, nipo Nansio, mawimbi ni makubwa nayaona.» Onyo lililoandikwa hivyo halimpotezi mtu hata likichelewa kumfikia.

Picha zinahitaji uangalifu wa pekee. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kilipokaribia gati la Bwisya, kisiwani Ukara, na watu zaidi ya 200 wakafariki. Picha za msiba ule zingali mtandaoni, na yeyote anaweza kuzichukua akaziita za leo. Ifungue picha kwa Google Lens, programu ya kutafuta picha mtandaoni, uone kama iliwahi kuchapishwa zamani, kisha ikuze na usome jina la chombo ubavuni. Ujumbe wa sauti ni mgumu zaidi, maana lafudhi ya nyumbani huaminika upesi na hakuna picha ya kutafuta. Njia iliyobaki ni kumpigia simu mtu aliyeko kwenye mwalo unaotajwa, yaani pale boti zinapotia nanga.

Ujumbe ukiomba michango ya rambirambi, wapigie wafiwa kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, usitumie iliyoandikwa humo. Namba ya tapeli iripoti kwa kutuma ujumbe kwenda 15040.

Viongozi wa kundi wana uwezo wa kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote. Hata hivyo, kufuta peke yake hakutoshi, kwa sababu walioisoma habari wanabaki nayo na wengine wameshaipeleka kwingine. Andika sahihisho katika kundi lilelile, useme ni habari ipi, kosa lake ni lipi na umethibitisha kwa nani, kisha umwombe kila aliyeisambaza alipeleke sahihisho hilo kokote alikoipeleka habari ya kwanza. Aliyeileta asidhalilishwe mbele ya watu. Azungumziwe pembeni, kwa sababu akiaibishwa ataogopa kutoa taarifa siku atakapokuwa ameliona tukio kwa macho yake.