Kuchagua uwiano wa difu unapofunga loka: mahesabu ya barabara za Goma

Loka, kifaa kinachofunga difu ili magurudumu mawili ya ekseli yazunguke pamoja, haibadilishi uwiano wa gia, yaani mizunguko ya kardani (shafti ndefu inayoleta nguvu kwenye difu) kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Toyota Land Cruiser HZJ79 yenye difu ya 4.11 ikifungwa loka inabaki 4.11, na injini itazunguka vilevile kama jana. Kazi hizi mbili huenda pamoja kwa sababu ya ufundi wenyewe: loka inayochukua nafasi ya nyumba nzima ya satelite (gia ndogo za ndani ya difu), kama ARB au Detroit, inalazimu kuroni (gia kubwa ya difu) ifunguliwe, beringi za pembeni zing'olewe na mchezo wa meno (nafasi ndogo kati ya meno ya gia) upimwe upya. Fundi akifika hapo ameshamaliza nusu ya kazi ya kubadilisha uwiano. Ukiahirisha gia hadi mwakani, utalipa ufundi mara mbili na beringi mara mbili.

Zipo pia loka ndogo, kama Lock-Right, zinazoingia ndani ya nyumba ya zamani mahali pa satelite. Hizo kwa kawaida haziigusi kuroni. Ukichagua hiyo na tairi zako ni za kiwandani, acha uwiano ulivyo, pesa ikanunue beringi.

Kwanza ujue ulicho nacho

Kibao cha kiwandani kina msimbo wa ponti (ekseli nzima pamoja na difu yake), lakini magari mengi ya Kivu yameshapitia mikono mitano, na ponti yake huenda ilitoka kwenye gari lingine. Pima mwenyewe. Weka mawe mbele na nyuma ya tairi zinazobaki chini, gia iwe fri, inua tairi moja tu ya nyuma kwa jeki na uegemeze ekseli kwenye stendi. Chora alama ya chaki kwenye tairi na kwenye kardani. Zungusha tairi iliyo juu mara 20 huku mwenzako akihesabu mizunguko ya kardani. Kwa kuwa tairi moja imetulia chini, kuroni inazunguka nusu tu ya tairi hiyo, yaani mara 10. Kardani ikizunguka mara 41 na kidogo, una 4.10 au 4.11, mara 43 ni 4.30, karibu 46 ni 4.56. Kuzungusha mara mbili tu, kama wengi wanavyofanya, hakutoshi kutofautisha 4.11 na 4.30. Rudia kipimo kwa ponti ya mbele, habu (vifungio vya magurudumu ya mbele) zikiwa zimefungwa.

Tairi ndiyo inayoanza hesabu

Kanuni ni fupi: uwiano wa zamani, zidisha kwa kipenyo cha tairi mpya, gawanya kwa kipenyo cha tairi ya kiwandani. Tairi ya 235/85R16 ina kipenyo cha milimita 806 hivi. Ukipanda hadi 285/75R16 (mm 834), 4.11 inahitaji kuwa 4.25 ili gari lirudi lilivyokuwa. Gia iliyo karibu ni 4.30. Ukienda 315/75R16 (mm 879), jibu ni 4.48, na hapo 4.56 ndiyo iliyo karibu.

Sasa angalia mizunguko ya injini. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa linakula mita 1,000 kwa dakika, kwa hiyo gawanya 1,000 kwa mzingo wa tairi kwa mita, kisha zidisha kwa uwiano wa difu. Hayo ndiyo mapigo (mizunguko kwa dakika) ya injini katika gia ya nne, ambayo kwenye Land Cruiser hizi ni moja kwa moja. Tairi ya kiwandani na 4.11 inatoa 1,620 hivi. Tairi ya 315/75R16 na 4.11 inashuka hadi 1,490, ndiyo maana gari "linachoka" baada ya kuvaa tairi kubwa. Ukiweka 4.56 unapata 1,650, na 4.88 unapata 1,765. Tairi iliyobeba uzito hubonyea, hivyo mapigo halisi huwa juu kidogo ya haya.

Jedwali nyingi za mtandaoni zimetengenezwa na watu wanaokimbia 110 kwenye lami siku nzima. Barabara ya Sake haikuruhusu hivyo, na hata ukivuka kwenda Kigali kikomo ni 80. Kwa 80, gia ya nne, tairi ya 315/75R16 na difu ya 4.56, injini inazunguka 2,200. Injini ya 1HZ, dizeli ya magari haya, inatoa nguvu yake kubwa ya kuvuta hapohapo karibu na 2,200. Huna sababu ya kuogopa gia fupi (yenye namba kubwa) kwa ajili ya mafuta ya barabara kuu ambayo huiendeshi.

Kuna na suala la mwinuko. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na dizeli isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo 1HZ inaanza safari ikiwa imepungukiwa na asilimia 15, kabla hujapakia gunia hata moja. Kutoka 4.11 kwenda 4.56 kunaongeza nguvu kwenye magurudumu kwa asilimia 11 hivi, lakini ukiwa na tairi ya mm 879, karibu 9 kati ya hizo 11 zinaliwa na tairi. Unachobaki nacho ni kidogo mno. Anayepanda kutoka tambarare ya Rwindi kwenda Kanyabayonga akiwa na mzigo kamili kila wiki ana haki ya kutamani 4.88.

Ila loka inakuja kumzuia

Bila loka, gurudumu lenye mshiko halipati nguvu zaidi ya lile linaloteleza. Tope lenyewe linailinda shafti yako. Ukiwasha loka, gurudumu moja lililobana kwenye jiwe la lava linaweza kupokea nguvu yote ya ekseli. Sasa zidisha hiyo kwa gia fupi na kwa gia ya chini ya transfa (gia boksi ya 4x4). Kinachokatika ni shafti ya nusu au, mbele, jointi ya kwenye knakoli (sehemu inayogeuka na gurudumu), hasa usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho. Mlio wa "taka-taka" unapokata kona ni onyo la mwisho.

Pinioni, gia ndogo inayozungusha kuroni, nayo ina udhaifu wake. Gia ya 4.56 ni meno 41 kwa 9, 4.88 ni 39 kwa 8, na 5.29 ni 37 kwa 7. Kadiri uwiano unavyofupika, pinioni inapungua meno na unene, na yanayoshikana kwa wakati mmoja ni machache. Kwa gari la kazi lenye loka nyuma na tairi ya 315, sisi tungesimama kwenye 4.56. Ile 4.88 waachiwe wenye tairi ya mm 890 na kuendelea, au wanaobeba mzigo mlimani bila loka ya mbele. Ile 5.29 kwa Kivu ni kujitafutia kazi.

Aina ya loka pia ina neno. Ile inayojifunga yenyewe haifai kwa udongo mwekundu wa Masisi: kwenye njia iliyoinama pembeni, magurudumu yote mawili yanateleza pamoja na mkia wa gari unashuka kuelekea bonde. Chukua ya kuwasha kwa swichi.

Kununua bila kudanganyika

Mbele na nyuma lazima zilingane. Gari lenye 4x4 ya kuunganisha kwa mkono likiwa na 4.56 nyuma na 4.11 mbele litavunja transfa au kardani punde tu utakapounganisha kwenye ardhi kavu. Usishtuke ukikuta 4.10 nyuma (41 kwa 10) na 4.11 mbele (37 kwa 9), Toyota yenyewe hufanya hivyo. Tofauti haifiki hata theluthi moja ya asilimia.

Kwenye HZJ78 na HZJ79 difu ya mbele ni ndogo kuliko ya nyuma, kwa hiyo agiza seti mbili tofauti. Kuroni na pinioni husagwa pamoja kiwandani na huandikwa namba moja. Kwenye pyesi za okazioni (vipuri vilivyotumika) ukipewa kuroni nzuri na pinioni "inayofanana", rudisha. Na kabla ya kulipia loka, uliza inakubali uwiano gani: kwenye ponti aina ya Dana 44 ya Jeep, nyumba ya 3.73 na chini haikai na gia ya 3.92 na juu, maana unene wa kuroni unatofautiana. Hesabu pia mikato ya shafti (meno ya mwisho wake yanayoingia kwenye difu).

Kwa kila ponti nunua na beringi mbili za pinioni, mbili za pembeni, sili, nati mpya ya pinioni, shimu (vipande vyembamba vya kurekebisha nafasi), na kile kibomba laini kinachobonyea kati ya beringi za pinioni.

Kwenye meza ya fundi

Kibomba hicho hutumika mara moja. Nati ikikazwa kupita kiasi, kuilegeza hakusaidii. Toa, weka kingine. Mchezo wa meno upimwe kwa saa ya kupimia, sehemu tatu au nne za kuroni: difu ya Toyota ya inchi 8 inataka mm 0.13 hadi 0.18, ya inchi 9.5 inataka 0.15 hadi 0.20. Fundi anayepima kwa kutikisa kwa kidole, mwachie gari la mwingine.

Kisha paka rangi ya njano kwenye meno machache, zungusha huku ukizuia kuroni kidogo, usome alama. Ikiwa imezama kwenye shina la jino, pinioni imeingia sana, punguza shimu iliyo nyuma ya kichwa chake. Ikiwa juu kwenye ncha, ongeza. Loka ya upepo inahitaji tundu kwenye nyumba ya difu; litobolewe kabla ya kufunga chochote, keekee ikiwa imepakwa grisi ili chembe zisibaki ndani.

Mafuta ni 80W-90 ya GL-5, yajae hadi yaguse tundu la kujazia. Mara ya kwanza endesha nusu saa taratibu bila mzigo, acha difu ipoe kabisa, kisha kilomita 800 za mwanzo usivute wala usipakie sana. Gia mpya zilizopashwa moto mapema hupoteza ugumu wa meno na kuanza kulia. Baada ya kilomita hizo mwaga mafuta. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ya nati ya kumwagia mafuta ni kawaida. Kipande kinachoshikika kwa kucha maana yake difu inafunguliwa tena.