Jinsi ya kuisoma ngome ya udongo mpakani mwa Wales

Nenda Januari au Februari, huku ni majira ya baridi, asubuhi, jua likiwa bado chini. Majira ya joto kangaga na miiba hufunika kila kitu, utaona kichaka tu. Mwanga ukija ubavuni, kila tuta linatoa kivuli, na handaki lililofukiwa nusu kwa miaka 900 linaonekana waziwazi.

Ngome nyingi za Wanormani, watu wa Normandia, Ufaransa, walioiteka Uingereza mwaka 1066, huku zimo ndani ya mashamba ya watu, kwa hiyo bisha hodi kwanza. Ukishakubaliwa, usikimbilie kileleni. Mimi mara ya kwanza nilipanda moja kwa moja, nikapiga picha, nikaondoka bila kuiona ngome yenyewe. Shuka handakini. Simama chini kabisa uinue macho: udongo uliotoka hapo ulipokanyaga ndio uliorundikwa kuwa kilima. Lizunguke lote, taratibu, ukitafuta mahali linapokatika, maana huenda ndipo palipokuwa na lango.

Kisha ingia uani, ule uwanja ulio chini ya kilima. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko popote. Hen Domen, karibu na mji wa Montgomery, ilijengwa na bwana wa Kinormani, Roger de Montgomery, miaka ya 1070, yote kwa udongo na mbao. Mwanaakiolojia Philip Barker na wenzake walianza kuifukua mwaka 1960, wakaendelea kwa takriban miaka 30. Chini ya majani walikuta alama za nguzo zilizooza, madoa meusi tu kwenye udongo, na kwa madoa hayo wakagundua kuwa ua ulijaa majengo, moja likibanana na jingine. Ukiwa pale leo unaona kondoo na nyasi. Ndiyo maana nakusihi usipite haraka.

Kilele kiache mwisho. Kikiwa bapa, mnara wa mbao ulikuwa na pa kusimama. Sasa geuka uulize: walilinda nini? Kwa Hen Domen jibu ni kivuko cha Rhydwhyman, mahali pa kuvukia mto Severn kwa miguu, njia ya kuingilia Wales na ya kutokea pia.

Usichimbe, wala usibebe mashine ya kutafutia chuma. Kwenye ngome iliyolindwa na sheria ni kosa la jinai. Sungura akiwa amefukua udongo ukaona kigae, kitazame, ukiache palepale.