Laptop inakuwa nzito ukichomoa chaja? Angalia hapa kwanza

Kabla hujaipeleka kwa fundi au kupiga Windows upya, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, fungua sehemu ya utendaji (Performance), kisha tazama kasi ya prosesa chaja ikiwa imechomekwa. Chomoa. Kama ilikuwa inacheza kwenye GHz 2 au 3 halafu inaganda chini ya 1, tatizo si virusi wala RAM. Laptop imebanwa makusudi ili itunze chaji.

Nenda kwenye mipangilio ya umeme na betri, weka hali ya utendaji wa juu. Hakikisha pia kibana matumizi (Battery saver) hakijawaka. Kwenye Windows 10 hujiwasha chaji ikifika 20%. Bado? Fungua mipangilio ya kina ya mpango wa umeme, tafuta kiwango cha juu cha prosesa (Maximum processor state). Mara nyingi mchawi yuko hapa, hasa kwenye mashine za mtumba: upande wa chaja unakuta 100%, upande wa betri mtu aliweka 50%. Pandisha. Chaji itaisha mapema kidogo, hilo ulikubali.

Ikigoma kabisa, betri yenyewe huenda imechoka, na baadhi ya laptop hupunguza kasi zikiona haiwezi kutoa umeme wa kutosha. Andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri (Command Prompt), ufungue ripoti, ulinganishe uwezo wa kiwandani na unaojaa sasa. Ukikuta mWh 48,000 zimebaki 17,000, tafuta betri nyingine.