SOMO: Kilomita 1,600 kwa pikipiki ndani ya masaa 24 kwenye joto kali, na ufike akili ikiwa timamu

Wakuu habari zenu. Naandika hili mara moja tu maana kila joto likianza napata ujumbe ule ule, nivae nini, ni kweli ukifungua jaketi unapoa, maji ninywe kiasi gani, nimejibu mpaka nimechoka. Kuanzia leo ukiniuliza nakuleta hapa.

Tuelewane kwanza tunaongelea nini. Safari inayotumika kama kipimo ni ile ambayo Iron Butt Association, chama cha Marekani cha waendesha pikipiki wa safari ndefu, wanaiita SaddleSore 1000, maili 1,000 yaani kilomita 1,609 ndani ya masaa 24. Gawanya hapo unapata wastani wa kilomita 67 kwa saa, kwa hiyo habari ya kukimbia itoe kichwani. Ukitembea 90 muda mwingi unakaa kwenye siti kama masaa 18, yanabaki 6 ya mafuta, maji, choo na usingizi. Watu hawafeli kwa sababu ya spidi ndogo, wanafeli kwa kukaa dakika 40 kila kituo, na kipindi cha joto wanafeli kwa sababu mwili umechemka na wao hawajui.

Hatua ya 1. Sevisi ifanye wiki moja kabla, sio jana yake. Oili mpya ya daraja ambalo kitabu cha pikipiki kimeruhusu kwenye joto, cheni, breki, taa, betri. Imeisha hiyo.

Hatua ya 2. Safisha rejeta, toa wadudu na matope, angalia kiwango cha kulanti (maji ya kupoza injini), hakikisha feni inawaka. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto. Kama injini yako inapozwa na hewa usiiache inanguruma umesimama, izime.

Hatua ya 3. Upepo wa tairi pima asubuhi tairi likiwa la baridi, jaza kama kitabu kinavyosema kwa mzigo uliobeba. Mchana utapanda, ni kawaida, usiutoe. Tairi lenye upepo mdogo ndo linajikunja sana, likijikunja linachemka, likichemka linapasuka.

Hatua ya 4. Nguo za ndani ziwe za kitambaa cha michezo, mikono mirefu, zisizo na mshono mnene sehemu unayokalia. Pamba inashika jasho, inabaki mbichi, na baada ya kilomita 600 mshono mmoja wa jinzi unaweza kukuvunjia safari nzima. Jaketi la matundu, glovu, buti, vizibo vya masikio. Shingo funika, jua linaichoma hasa.

Hatua ya 5. UPEPO. Hapa naomba usome taratibu kwa sababu hapa ndo nilipotaka kujiua. Ngozi yako iko karibu nyuzi 35. Hewa ikiwa chini ya hapo upepo unakutoa joto, fungua zipu zote, furahi. Hewa ikishavuka 37 upepo hauna baridi ya kukupa, unakuletea joto kama hewa ya draya ya nywele, kinachokupoza ni jasho peke yake, na upepo wa 90 unalikausha kwa kasi kuliko unavyoweza kunywa. Mwaka wa kwanza najaribu safari hii joto lilifika 42, nikafungua jaketi mpaka chini, kioo cha helmeti juu, nikasikia raha kabisa, nikawa naona sitoki hata jasho. Jasho lilikuwa linatoka, linakauka kabla sijaliona. Tangu saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni sikwenda haja ndogo hata mara moja na wala sikushtuka. Kituo cha mafuta nikashindwa kuhesabu noti, nimerudia mara tatu kila mara jibu jingine, kijana wa pampu akazichukua mkononi mwangu akahesabu mwenyewe akanirudishia zilizobaki, na mimi nikapanda nikaondoka kama hakuna kitu. Njia panda ninayoijua nikaipita kwa kilomita 38. Niliposimama kugeuza mguu haukushika chini, pikipiki ikalala na mimi chini yake. Waliokuwa karibu ndo walinivuta kivulini wakanimwagia maji. Na muda wote ule nilijiona niko sawa, hicho ndo kinanitisha mpaka leo.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi. Joto likivuka 37 nalowesha fulana ya mikono mirefu mpaka ichuruzike, navaa jaketi juu yake, zipu NAFUNGA, naacha upenyo mdogo shingoni na mikononi ili hewa ipite kidogo kidogo juu ya nguo mbichi. Kioo cha helmeti chini. Jaketi likiwa wazi fulana inanikaukia ndani ya dakika 20, likifungwa hivyo naweza kufika karibu saa nzima. Kizibao cha kupoza kile kinachonyonya maji kinakaa zaidi, kama unacho kitumie. Ikikauka lowesha tena, usiseme nitalowesha kituo kijacho. Na usivue jaketi kwa sababu ya joto, lami iliyochemka na ngozi tupu ni matatizo mawili kwa pamoja.

Hatua ya 6. Kunywa kwa saa, sio kwa kiu. Kiu inachelewa. Beba begi la maji lenye mrija unywe ukiwa unatembea, kama robo lita kila dakika 15 hadi 20, na usivuke lita moja na nusu kwa saa, maana maji matupu mengi nayo yanashusha chumvi mwilini na dalili zake zinafanana na za joto, kichwa, kichefuchefu, kuchanganyikiwa. Kula kitu chenye chumvi kila kituo. Ukiwa umetoka jasho sana tengeneza maji ya chumvi na sukari, lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na NUSU kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kusawazisha sio vya mlima. Mkojo uwe wa njano hafifu. Masaa manne bila haja ndogo simama, huendelei.

Hatua ya 7. Ondoka saa tisa au saa kumi alfajiri baada ya kulala usiku wako kamili. Kati ya saa nane na saa kumi mchana tafuta kivuli ulale, hata saa moja na nusu, ule muda wako wa masaa 6 ndo unautumia hapa. Wengi wanaweka akiba wapumzike usiku, mimi naona ni kinyume, usiku ndo barabara imepoa.

Hatua ya 8. Kituo kiwe dakika 15. Mafuta, choo, maji, lowesha, kagua tairi kwa macho, panda. Simu isubiri.

Hatua ya 9. Ukianza kuona kichwa kinauma, kichefuchefu, kizunguzungu, misuli inakaza, safari imesimama, sio "nimalizie hizi 50". Kivuli, vua, lowesha, kunywa pole pole. Mwenzako akianza kuongea ovyo au hakuelewi, huyo mwili wake unaweza kuwa umefika nyuzi 40 na zaidi, ita msaada wa hospitali HAPO HAPO na huku unammwagia maji mwili mzima na kumpepea. Aliyepoteza fahamu usimpe maji mdomoni.

Maswali leteni.

MASWALI

kibara2: Mkuu asante. Mi nikivaa tisheti tu na helmeti si napata upepo mwingi zaidi?

Jibu: Hatua ya 5. Soma yote.

kibara2: Nimepitia haraka haraka, ndo maana nimeuliza.

Jibu: Irudie bila haraka. Imeandikwa kwa ajili ya swali hilo hilo.

mzigo_mzito: Mi nakupinga. Nimewahi kupiga 900 jua la mchana jaketi wazi mwanzo mwisho na niko hapa naandika.

Jibu: Joto lilikuwa ngapi? Hujasema. Kama lilikuwa 33 ulifanya sawasawa na hata mimi ningefungua, nimeandika hivyo. Kama lilikuwa 41 basi ulipita salama siku hiyo, na mimi nilikuwa nimeshapita salama mara nyingi kabla ya ile siku niliyoisimulia. Pia mwili unazoea joto, unachukua kama wiki moja hadi mbili za kukaa na kufanya kazi kwenye jua. Pengine wewe umezoea, anayesoma hapa ametoka ofisini kwenye AC. Siandiki kwa ajili ya aliyezoea peke yake.

njia_ndefu: Samahani kaka, nina swali. Ninapopita mimi joto halifiki 37, linacheza 32 mpaka 34 ila hewa ni nzito, unyevu mwingi, nguo hazikauki hata ukizianika. Hiyo fulana mbichi itanisaidia?

Jibu: Swali zuri sana hili na nilipaswa kuliandika juu. Fulana mbichi inapoza kwa sababu maji yanakauka. Hewa ikiwa imeshiba maji hayakauki, kwa hiyo hapo fulana inakuwa mzigo tu na inakuchubua. Kwako fanya kinyume, fungua matundu yote, acha upepo upite, maana hewa ya 33 bado iko chini ya joto la ngozi yako. Lakini ujue jasho lako nalo halikupozi vizuri, kwa hiyo punguza kilomita za mchana, pumzika zaidi, sehemu yenye AC au feni kaa dakika 20 uingie tena. Usidanganyike na namba ndogo kwenye simu, 33 yenye unyevu inaweza kukuangusha kabla ya 38 kavu. Na ukiwa unatoka ukanda wa unyevu kuingia sehemu kavu siku hiyo hiyo, badilisha mtindo njiani, usiendelee na ule wa asubuhi.

njia_ndefu: Nimekuelewa kabisa, ubarikiwe. Mimi pia huwa nabeba mke wangu nyuma, dalili zake nitazijuaje wakati simuoni?

Jibu: Abiria anachoka kimya kimya kwa sababu hana kazi ya kufanya. Kubalianeni ishara, kila robo saa wewe unagusa goti lake, yeye anakugonga mara mbili. Asipogonga simama. Na kila kituo muulize kitu cha kufikiri, mfano ahesabu kutoka 50 kurudi nyuma kwa tatu tatu, akisuasua hakuna kuondoka. Mwambie na yeye akuulize wewe, ile siku yangu ningeulizwa hivyo mtu angenishtukia.

usiku_kucha: Vipi vinywaji vya kuongeza nguvu? Nimepanga kopo 6 nisilale njiani.

Jibu: Usingizi dawa yake ni kulala. Kwa 90 unakula mita 25 kila sekunde, ukisinzia sekunde nne umeenda mita 100 hakuna mtu kwenye usukani. Kopo moja halafu ulale dakika 20 hapo hapo, ukiamka linakuwa limeanza kufanya kazi, hiyo sawa. Sita hapana.

usiku_kucha: Je tano?

Jibu: Nimeshajibu.

buti_jekundu: Natumia dawa za presha zinazonifanya niende haja ndogo sana. Naweza kujaribu?

Jibu: Dada hapo muone daktari wako kwanza, mwambie waziwazi masaa mangapi utakaa juani. Dawa za aina hiyo zinatoa maji mwilini, na zipo nyingine, hata baadhi za mafua na mzio, zinapunguza jasho. Usiache dawa kwa ajili ya safari na usisafiri bila kumuuliza. Ni vizuri umeuliza.

sproketi: Nyongeza kwa wote, lami ikilainika stendi ya pembeni inazama. Nilirudi dukani nikakuta pikipiki imelala, tangi limebonyea. Beba kipande cha bati nene au ubao mdogo, utoboe tundu ufunge kamba, unaushusha ukiwa umekaa na kuuvuta ukiondoka.

Jibu: Safi sana hii. Na mimi niongeze, usijaze tangi mpaka shingoni halafu ukaegesha juani, petroli inatanuka, tangi la lita 20 likipanda nyuzi 20 unapata karibu lita 0.4 isiyo na pa kwenda.

mchaga_wa_gia: Ushahidi wa hizo kilomita unatunzaje, picha za simu zinatosha?

Jibu: Risiti za mafuta zenye tarehe, saa na mahali, hizo ndo msingi kwa hao jamaa wa Iron Butt. Andika na namba ya kilomita kwenye kila risiti pale pale. Ziweke kwenye mfuko wa nailoni maana wewe utakuwa umelowa.

sproketi: Nikiwa bado hapa, pikipiki yangu ya kabureta ikitembea juani kama dakika 40 inakata pumzi inazima, nikisubiri inawaka. Fundi kabadilisha plagi, hali ile ile.

Jibu: Kabla ya kununua kitu kingine, siku ikizima fungua mfuniko wa tangi hapo hapo na usikilize. Ikivuta hewa kuingia ndani halafu ikawaka, kitundu cha kupumulia cha mfuniko kimeziba, petroli ikipungua hewa haiingii kwa hiyo haishuki. Isipovuta, angalia bomba la mafuta limepita karibu na injini kiasi gani, likichemka petroli inageuka mvuke humo ndani, lisogeze mbali au livishe kitu kisichopitisha joto.

sproketi: Nimerudi. Imezima kilomita ya 51, nimefungua mfuniko imevuta fyuuu nikasikia mpaka ndani ya helmeti.

Jibu: Ndo yenyewe. Toa mfuniko, puliza kitundu kwa hewa, waya mwembamba ukibidi, uchafu ni vumbi na kutu. Usitie grisi.