Sodiumu ya mugonjwa imeshuka? Tafuta chanzo mbele ya kuongeza chumvi

Ninyi wenye munafanya garde ya usiku hapa Goma, hii ni yenu. Labo inarudisha ionogramu (kipimo cha chumvi za damu), sodiumu 121, na palepale kila mutu anataka kutia chumvi kwa serumu. Kawaida ni 135 mpaka 145, kwa hiyo 121 inaogopesha kweli, lakini ile namba haisemi mugonjwa anaugua nini, na mara mingi chumvi haijapungua, ni maji ndiyo yamezidi.

Kitu kimoja tu hakingoji: kama ana degedege ao hajitambui, pima glisemi (sukari ya damu) mbio, chukua damu na mukojo kama inawezekana, kisha pitisha serumu ya chumvi 3%, ml 150 kwa dakika 20. Wengine wote, uko na wakati wa kufikiri.

Uliza kwanza damu ilitolewa mukono gani. Kuna mama tulipokea kwa kuhara, kesho yake sodiumu 112, glisemi juu kabisa, na ye hajawahi kuwa na ugonjwa wa sukari, tena amekaa kitandani anaongea vizuri na watoto wake. Nilienda kuangalia: alama ya sindano ilikuwa juu kidogo ya serumu ya glikoze 5% yenye ilikuwa inashuka, mukono uleule. Tukarudilia mukono mwingine, 133. Tangu ile siku naangalia mukono mbele ya karatasi.

Kama namba ni ya kweli, angalia sukari. Glisemi ikipanda inavuta maji kuingia damuni, sodiumu inashuka: hesabu karibu 1.6 kwa kila mg/dl 100 zinazopita 100. Mugonjwa mwenye glisemi 500 na sodiumu 128, sodiumu yake ya kweli ni karibu 134, basi shughulika na sukari.

Kisha soma fishe yote, na uulize mwenye kumulinda dawa zenye anakunywaka nyumbani. Hapa ndipo napata majibu mingi kuliko labo. Hidroklorotiazidi ya tansio, karbamazepini ya kifafa, na serumu za glikoze 5% zenye sisi wenyewe tunapitisha siku tatu kwa mutu ametoka operesheni, ana maumivu na kichefuchefu, vitu vyenye vinafanya mwili ushikilie maji. Uliza pia kama alikuwa anakunywa kasiksi (pombe ya ndizi) tu bila kula.

Sasa mushike. Ulimi umekauka, tansio inashuka akisimama, alihara ao kutapika: amepoteza maji na chumvi, na siye wenye tunajua kolera tunaona hii kila mara. Miguu imevimba, mishipa ya shingo imejaa, tumbo lina maji: fikiria moyo, maini, figo. Kama hajakauka na hajavimba, fikiria mapafu na kichwa: TB, nimonia, menenjite, zote zinaweza kufanya homoni ya kushika maji itoke bila sababu.

Mukojo ndio unaamua, na lazima uchukuliwe mbele ya furosemidi (dawa ya kukojolesha) na mbele ya serumu, nawaomba sana, juu kisha hapo majibu yanachafuka. Osmolariti ya mukojo (kipimo cha vitu vilivyoyeyuka ndani yake) chini ya 100, figo zinamwaga maji vizuri, basi amekunywa maji mingi ao pombe bila chakula. Labo haina ile mashini? Bandeleti (kikaratasi cha kupima mukojo) yenye densite, ni kusema uzito wa mukojo, 1.005 kushuka inakupa picha, hata kama ni ya kukadiria. Kama mukojo ni muzito, omba sodiumu yake: chini ya 30, mwili unashikilia chumvi, ni kuhara, moyo ao maini, ikipita 30, na hakunywi dawa ya kukojolesha, ni ile homoni, ao figo, ao tezi za juu ya figo.

Hizo tezi tunazisahau sana. Tansio chini, potasiamu juu, ufizi na mistari ya viganja imekuwa nyeusi, na TB ya zamani: omba kortizoli (homoni ya hizo tezi) ya asubuhi. Tiroidi (tezi ya shingo) pia ipime mbele ya kusema ni homoni ya maji.

Ukishapata chanzo na kukitibu, pima sodiumu kila saa 6, isipande kupita 8 mpaka 10 kwa saa 24, ubongo unaweza kuharibika. Mukojo ukianza kutoka mingi ghafla, usingoje saa 6, pima palepale, juu sodiumu inaweza kupanda mbio.